Mbegu za mwarobaini haziwekwi juani wala kwenye nailoni

Kila msimu wa matunda ya mwarobaini malalamiko ni yale yale: dawa ya mbegu zake imenyunyizwa na viwavi wanaendelea kutafuna mchicha, mbegu zimepandwa kitaluni na hazikuota. Wengine huulaumu mti, wengine husema wadudu wamekuwa sugu. Kosa linaanzia kwenye jamvi. Matunda yanaokotwa, yanamwagwa juani yakiwa na nyama yake, kisha baada ya siku chache yanafungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mbegu iliyopita huko haifai tena, hata ukiitwanga kwa bidii gani.

Nguvu ya dawa imo ndani ya kiini, na kiambato chake kikuu, azadiraktini, huvunjwa na jua na joto. Nyama ya tunda nayo ina sukari, kwa hiyo ikikaa huchacha na kuleta ukungu. Nailoni inakamilisha uharibifu: unyevu uliobaki hauna pa kutokea, mfuko unatoa jasho, na ukungu unaingia hadi kwenye kiini. Vunja kokwa mojawapo kwa kucha uone. Kiini kizuri kina rangi ya kijani au njano iliyopauka na kinaacha mafuta kidoleni. Kikiwa cheusi, au kikitoa vumbi la kijivu na harufu ya uvundo, tupa. Usikichanganye na vizuri ati kujaza kilo.

Vuna tunda linapogeuka njano. Yaliyoanguka yaokotwe kila siku, chini ya mti uliofagiliwa. Lililolala siku kadhaa kwenye udongo mbichi liache. Nyama iondolewe siku hiyo hiyo: loweka kwenye ndoo, sugua kwa mikono pamoja na mchanga, suuza mara mbili au tatu, na mbegu zinazoelea zimwage. Kisha anika kivulini penye upepo, juu ya mkeka au chekecheke, si juu ya sakafu ya saruji. Tandaza tabaka jembamba lisilozidi sentimita 2 au 3, ligeuze asubuhi na jioni. Kivulini maana yake kivulini: chini ya bati lisilo na dari ni tanuri, si kivuli. Zikikauka vizuri, hifadhi kwenye gunia la katani au kikapu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Zitumie msimu huo. Za mwaka jana huwa zimepungua nguvu.

Za kupanda zina haraka zaidi. Mbegu ya mwarobaini hufa upesi, hivyo isiwekwe akiba: panda ndani ya wiki 2 tangu kuvunwa, kina cha sentimita 1.

Kwa dawa ya bustani, chukua nusu kilo ya viini vilivyobanguliwa kwa lita 10 za maji. Ukitwanga pamoja na maganda, weka kilo 1, maana ganda ni karibu nusu ya uzito. Twanga kwenye kinu hadi uwe unga wa chengachenga, na usimame kabla mafuta hayajaanza kutoka. Loweka kwa saa 12, usiku kucha, kwa maji ya baridi. Usichemshe! Wanaochemsha wanaiua dawa kwa mikono yao. Chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko kimoja cha sabuni ya maji ili ishike kwenye majani, nyunyiza kuanzia saa kumi na moja jioni, juu na chini ya jani, na uimalize siku hiyo. Rudia kila baada ya siku 7, na mvua ikinyesha rudia mapema. Mdudu hafi papo hapo; huacha kula kwanza.

Kwa wanaotumia mti huu kama tiba, kanuni ya kivuli ni ile ile. Majani ya kuogea mwenye upele au ya kuweka kwenye ghala la kunde yakaushwe kivulini. Kijiti cha mswaki kikatwe kibichi kila siku. Lakini mbegu na mafuta yake si vya kunywa. Mbegu zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na hata mafuta safi yamewahi kuwadhuru watoto wachanga waliopewa kwa mdomo: hutapika, hulegea, huingia degedege. Mama mjamzito asinywe chochote cha mwarobaini, awe anaambiwa na nani. Homa ya mtoto ipelekwe kupimwa malaria kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama sufuria ya majani iko jikoni.