Kabla ya kumwandikisha mtoto karate, kaangalie kwanza

Wazazi wenzangu wa Mwanza, kama kila mara unaitwa shuleni kwa sababu mwanao kapigana, karate au taekwondo inaweza kumsaidia sana, ila si kwa kila mwalimu. Utafiti wa Michael Trulson uliochapishwa mwaka 1986 ulilinganisha vijana wakorofi: waliofundishwa taekwondo ya jadi, pamoja na heshima na kutafakari, ukali wao ulipungua, waliofundishwa kupigana tu, ukaongezeka.

Kwa hiyo, uwe Igoma, Kirumba au Nyegezi, usilipe ada siku ya kwanza. Kaa pembeni utazame kipindi kizima. Je, watoto wanainamiana kabla na baada ya kushindana? Anayepiga kwa hasira anasimamishwa? Wanasubiri zamu bila kufokewa? Hapo ndipo mtoto anajifunza kujizuia, na hicho ndicho mwalimu wa darasani anachokililia.

Ukiridhika, muombe kocha jambo moja: mtoto akipigana shuleni, mtihani wake wa mkanda, ule wa kupanda daraja na kupata mkanda wa rangi nyingine, uahirishwe. Mkanda watoto wanauthamini kweli. Mjulishe na mwalimu wa darasa, ili taarifa zimfikie kocha mapema.