Tochi kwenye bastola unayobeba kiunoni: uifunge au uiache?

Ukishapata leseni ya kubeba bastola Marekani, ukazoea kuivaa kutwa bila shati kukusaliti, swali linalofuata ni la tochi. Muuza duka atakuambia bastola isiyo na tochi haijakamilika. Mtu wa pembeni yako kwenye uwanja wa shabaha atakuambia anabeba siku zote na hajawahi kuihitaji. Wote wana hoja, ila hawajui unafanya kazi gani, unalala na nani nyumbani, wala hadhi yako ya uhamiaji ikoje. Mimi nasema hivi: bastola inayokaa kwenye sefu kando ya kitanda ifungwe tochi. Kwa ile ya kutembea nayo, nunua kwanza tochi ya mkononi, uizoee, ndipo ufikirie ya kwenye bastola.

Kabla ya tochi, makaratasi

Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe F-1 ya masomo, H-1B ya kazi au B-2 ya matembezi, kuwa na silaha au hata risasi. Ipo misamaha michache, mfano kwa mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo, lakini usiuegemee msamaha wowote kabla hujakaa na mwanasheria wa uhamiaji. Mwenye Green Card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa na sheria ya shirikisho, kisha kila jimbo lina masharti yake. Tangu 2022 aliyekatazwa akikutwa na silaha anaweza kufungwa hadi miaka 15. Na kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye Green Card aliyekaa miaka mingi na watoto waliozaliwa hapa.

Nyumba zetu sisi wahamiaji zimechanganyika hadhi, na hapo ndipo watu wema wanaponaswa. Mke ana Green Card, mume yuko kwa H-1B, shemeji anasoma kwa F-1, na mama amekuja kwa B-2 kumlea mjukuu. Bastola ya mke ikilala kwenye droo ambayo kila mtu anaifungua, mwendesha mashtaka anaweza kudai kwamba na hao wengine walikuwa nayo. Sefu yenye namba anayoijua mwenye silaha peke yake inapunguza sana mjadala huo, na inawalinda watoto. Usimnunulie mwenzako bastola kwa jina lako, hilo ni kosa la shirikisho linalojitegemea. Dukani utajaza Fomu 4473, ambayo inauliza uraia wako. Andika ukweli. Kujidai raia wakati hujawa kunaweza kukufungia mlango wa uraia kabisa.

Tochi yenyewe, chini ya sheria ya shirikisho, haihitaji kibali. Kuwa macho tu na vifurushi vya mtandaoni vinavyouza tochi pamoja na kishikio cha wima cha mbele. Kishikio hicho kikifungwa kwenye bastola, sheria inaihesabu kama silaha ya aina nyingine inayotakiwa kusajiliwa kwanza na ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha.

Giza la kweli liko wapi

Jiulize ni wapi hasa unaogopa kuvamiwa. Wengi wetu tutataja kituo cha mafuta, mashine ya kutolea pesa, maegesho ya hospitali baada ya zamu ya usiku, ngazi za apatimenti. Karibu sehemu zote hizo zina taa. Hazina mwanga wa mchana, lakini mtu akikujia mita tatu mbele yako utamwona uso, utaona mikono yake na alichoshika. Mashambulizi ya namna hiyo huanza na kwisha haraka. Ukilazimika kutoa bastola chini ya fulana na koti la baridi, kazi ngumu ni kuitoa salama na kwa wakati, na huenda usipate hata nafasi ya kugusa swichi ya tochi.

Nyumbani ni habari nyingine. Saa nane usiku, umeme umezimwa, unasikia mlango wa nyuma. Humo ndani mna watu wako, na unaowadhania wamelala huenda wako macho. Hapo unahitaji mwanga kuliko unavyohitaji risasi, kwa sababu swali la kwanza ni huyu ni nani.

Kuna kosa linalofanyika sana hapa. Tochi iliyofungwa kwenye bastola inamulika kule mtutu unakoelekea. Ukiitumia kutafutia mtu gizani, kila unachokimulika umekielekezea bunduki. Kanuni ya msingi ya mafunzo ya silaha ni kwamba mtutu hauelekezwi kwa kitu usichokuwa tayari kukiangamiza. Kijana wako wa miaka kumi na sita aliyechelewa kurudi na kuingilia mlango wa nyuma asiamshe watu hastahili kumulikwa kifuani kwa tochi hiyo. Mwenye tochi ya bastola peke yake ajifunze kumulika dari au sakafu. Dari nyeupe inarudisha mwanga wa kutosha kujaza chumba kizima, na mtu utamtambua bila mtutu kumgusa. Lifanyie mazoezi bastola ikiwa tupu kabisa na risasi zikiwa chumba kingine, maana usipolizoea, usiku wa hofu mkono utanyooka wenyewe.

Tochi ya mkononi haina tatizo hilo. Unaitafutia funguo, unaangalia chini ya gari, unammulika mtu aliyesimama karibu na mlango wako ajue umemwona, na hakuna sheria uliyovunja. Mtu mwenye nia mbaya akimulikwa macho gizani mara nyingi anapoteza sekunde kadhaa, nawe unazitumia kuondoka. Kumtolea mtu huyohuyo bastola ili umwone vizuri ni kumtishia kwa silaha, na majimbo mengi yanakuhesabia kosa la jinai. Jaji hatavutiwa na maelezo kwamba ulitaka mwanga tu.

Ikifika mahali pa kutumia vyote viwili, zipo mbinu zinazofundishwa. Ya Harries, iliyotoka kwa mkufunzi Michael Harries miaka ya 1970, hupitisha mkono wa tochi chini ya mkono wa bastola, migongo ya viganja ikibanana. Mimi naona rahisi zaidi ile ya kuweka tochi kando ya taya, ngumi ikigusa shavu, kwa sababu mwanga unafuata macho yako na kukuonyesha shabaha pamoja na vilengeo vya bastola. Ubaya wake ni kwamba unafyatua kwa mkono mmoja, na mkono mmoja unadai mazoezi. Hapo ndipo tochi ya bastola inapopata haki yake: mikono yote miwili inabaki kwenye silaha, au mmoja unabaki huru kumshika mtoto, kufungua mlango, kupiga namba ya dharura, 911.

Holsta ndiyo inayoamua

Watu hununua tochi kwanza, halafu wanagundua bastola haiingii tena kwenye holsta yao, ile ala inayovaliwa kiunoni. Holsta ngumu ya Kydex, aina ya plastiki, hufinyangwa kwa bastola fulani na tochi fulani. Huwezi kubadilisha tochi ukabaki nayo, hata kama tochi mbili zinafanana kwa macho.

Tatizo kubwa zaidi halionekani mpaka ulitafute. Holsta ya kawaida hushika bastola kwenye kilinda triga, kile kipete cha chuma au plastiki kinachozunguka triga. Holsta ya bastola yenye tochi hushika kwenye tochi, na tochi ni pana kuliko kilinda triga, kwa hiyo pembeni panabaki nafasi. Bastola ikiwa tupu, ichomeke kwenye holsta, kisha chungulia kutoka juu. Ukiona triga, au ukiona upenyo unaoingiza ncha ya kidole, usiivae holsta hiyo. Koti la baridi lina kamba ya kukazia kiunoni, na mara nyingi mwishoni mwake kuna kifundo kidogo cha plastiki. Kifundo hicho kikiingia kwenye upenyo unaporudisha bastola, kitafanya kazi ya kidole. Tochi kubwa kama SureFire X300 huacha nafasi kubwa zaidi, na ndiyo maana siipendekezi kwa anayevaa bastola mbele ya tumbo. Lolote ulilovaa, rudisha bastola polepole, nguo ukiiinua juu kwa mkono mwingine, macho yakiangalia.

Kuhusu raha ya kuvaa, tochi huongeza unene chini ya mkanda. Dereva wa masafa marefu atausikia kwenye nyonga ndani ya saa ya kwanza, na mkanda wa gari utamkandamiza hapohapo. Kwa wengine holsta ndefu hutulia vizuri zaidi kwa sababu haipinduki, basi jaribu kabla ya kulipa kama duka linakubali. Na wanaoendesha Uber au Lyft wajue kampuni zote mbili zinakataza silaha ndani ya gari, leseni uwe nayo usiwe nayo. Hospitali na nyumba za wazee nyingi hazimruhusu mfanyakazi kuingia nayo. Ikiwa bastola inashinda kwenye sefu ya gari wakati wa kazi, tochi ya mfukoni ndiyo itakayokuwa nawe kutoka mlangoni hadi garini.

Ukiamua kufunga

Angalia kwanza kama bastola yako ina reli, ile mifereji ya kufungia tochi, chini ya mtutu. Glock 19 inayo tangu kizazi cha tatu. Glock 43 na M&P Shield ya mwanzo hazina, na zile tochi za kubana kwenye kilinda triga ni ndogo na hafifu. SIG P365 ya kawaida ina reli ya umbo lake yenyewe, inataka tochi iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Nguvu ya mwanga huandikwa kwa vipimo viwili. Lumeni ni jumla ya mwanga wote, kandela ni ukali wake pale katikati. Wauzaji hupiga kelele za lumeni, lakini kandela ndiyo inayopenya mbali au kushinda taa nyingine inayokuangaza usoni. Kwa ndani ya nyumba na mwendo wa maegesho, Streamlight TLR-7A yenye lumeni 500 inatosha, nayo ina uzito wa gramu 70 hivi. TLR-1 HL na X300 Ultra hutoa lumeni 1,000, ni ndefu na nzito zaidi, na zinafaa kwa ile bastola ya nyumbani.

Chagua swichi iliyo kwenye tochi yenyewe, inayobonyezwa kwa kidole gumba au kidole cha mkono wa kusaidia. Kaa mbali na swichi za kukandamiza zinazowekwa kwenye mpini, chini ya kilinda triga. Mwaka 2014 gazeti la The Denver Post liliripoti visa vya polisi waliofyatua risasi bila kukusudia walipotaka kuwasha tochi za bastola zao. Wale walikuwa watu wa kazi hiyo. Kidole cha triga kisipewe kazi ya pili.

Kisha kuna polisi watakaofika. Mwaka 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alimwambia askari kwamba ana silaha, akiwa na leseni halali, na akapigwa risasi ndani ya gari lake. Sisi ni watu weusi wenye lafudhi, na hilo lazima liingie kwenye hesabu ya kila kifaa tunachoongeza. Askari akiwasili maegeshoni gizani, atakachokiona kwanza ni mwanga unaotoka kwenye bunduki iliyo mkononi mwa mtu asiyemjua. Hatari ikipita, zima, rudisha bastola kwenye holsta kabla hawajafika kama ni salama, mikono ionekane, na uwe umeshamweleza wa 911 umevaa nini na umesimama wapi. Ukisimamishwa barabarani, jua sheria ya jimbo ulipo: North Carolina inakutaka umjulishe askari mwenyewe, Minnesota inakutaka ujibu ukiulizwa.

Kufunga tochi, toa magazini, kile kikasha cha risasi, toa na risasi iliyobaki chemba, hakikisha kwa macho na kwa kidole, kisha peleka risasi chumba kingine. Kaza skrubu kama kijitabu kinavyosema, bila kupitiliza. Baada ya hapo nenda uwanjani upige risasi nyingi kwa magazini zako zote, maana baadhi ya bastola hubadilika tabia zikiongezewa uzito mbele. Lenzi itajaa masizi. Ipake mafuta kidogo ya midomo kabla ya kupiga, halafu uifute kwa kitambaa, au sugua masizi yaliyoganda kwa kifutio cha penseli. Betri za CR123A weka mpya kila mwaka hata kama tochi bado inawaka, na zile ulizotoa zimalizie kwenye tochi ya mkononi kama inatumia aina hiyohiyo.