Jinsi ya kulihoji tendo lako moja

Ukitaka kujua kama una hiari, yaani kama kweli wewe ndiye unayeamua utendalo, anza na tendo moja ulilolifanya karibuni, tena lile linalokuuma. Langu ni hili: nilikuwa nashuka ngazi za jengo, mzee mmoja akajikwaa mbele yangu akaanguka. Miwani yake ikadondoka vidato viwili chini. Tulikuwapo watu kama kumi. Nikamzunguka, nikapita.

Chukua karatasi, andika lilivyotokea bila neno la kujitetea. "Nilikuwa na haraka" ni utetezi, lifute. Andika macho yalitua wapi na mguu ulielekea wapi. Mimi niliandika mara tatu, na ile ya tatu ndiyo iliyonikumbusha kwamba kabla ya kupita niliwatazama wenzangu usoni. Hakuna aliyeshtuka, nami nikatulia.

Sasa mtafute huyo "mimi" aliyeamua. Mwanafalsafa David Hume aliandika mwaka 1739 kwamba kila alipojichungulia ndani alikuta joto au baridi, upendo au chuki, maumivu au raha, lakini nafsi yenyewe tupu hakuikuta. Jaribu nawe. Fumba macho, rudi kwenye dakika ile. Mimi nilikuta aibu ya kuwa wa kwanza kuinama, na mkoba ulionilemea bega. Mwamuzi sikumwona. Usikimbilie kusema "basi si mimi niliyefanya", maana mguu uliopita ulikuwa wangu.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nenda polepole. Mwaka 1983 mtafiti wa ubongo Benjamin Libet na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watu waliokunja mkono wakati wowote walipojisikia. Ubongo ulianza kujiandaa takriban nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, lakini watu walisema nia waliihisi kama sehemu ya tano tu ya sekunde kabla. Wapo waliotangaza kuwa hiari imekufa. Libet mwenyewe hakusema hivyo: aliona bado kuna upenyo wa kulizuia tendo. Mwaka 2012 mtafiti mwingine wa ubongo, Aaron Schurger, na wenzake wakaonyesha kuwa maandalizi yale huenda ni mawimbi ya kawaida ya ubongo, wala si uamuzi. Mimi naongeza hili: kukunja mkono bila sababu si kama kumpita mtu aliyeanguka. Usitafute hiari yako katika sekunde ile peke yake. Itafute katika mwaka mzima uliokuzoesha kupita.

Ukifika hapo, mgeukie mtu unayemlaumu kwa kupita au kunyamaza kama wewe. Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané, katika jaribio lao la mwaka 1968, waliwasikilizisha watu sauti ya mtu akipatwa na kifafa. Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoa taarifa kabla sauti haijakatika. Waliodhani wako wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Nikiwaza rushwa, au jirani anayepigwa ukuta wa pili huku tukiongeza sauti ya redio, naziona ngazi zilezile: kila mmoja anasoma uso wa mwenzake, nao haujaandikwa kitu. Mpe mtu huyo sababu zote ulizojipa wewe, kisha mdai wajibu uleule unaojidai. Ukimpa kimoja bila kingine umemwonea, au umemdekeza.

Mwisho, chagua maneno mapema. Yangu ni "Umeumia?" na "Wewe wa shati la bluu, nishikie huku", kwa sababu ukimwita mmoja kwa alama yake hawezi kujificha kati ya wengi. Yatamke kwa sauti nyumbani. Mara ya kwanza yalinitoka nikiwa nimechelewa, mtu ameshainuliwa. Naendelea kuyarudia.

Karatasi nayo itunze. Yangu ninayo bado, na sentensi ya miwani nimeiacha katikati, kwa sababu sikugeuka kuona nani aliiokota.