Namna ya kuandaa ngonjera ya mahafali ambayo shule nzima itaiitikia

Mahafali ya kidato cha nne huangukia Septemba au Oktoba, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Kwa hiyo mlezi wa sanaa aanze Julai, wiki ileile shule zinapofunguliwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kata yenye hosteli ya wasichana, na klabu ya sanaa iko chini yangu. Kila mwaka nashikilia jambo moja: jukwaani wapande wachache, lakini waliokaa chini wawe na mstari wao wa kusema. Bila huo mstari, ngonjera inabaki mali ya watoto wanane na mwalimu wao.

Tafuta ugomvi kwanza. Usianze na “Umuhimu wa elimu” wala “Tutunze mazingira”. Ni mambo mema, ila hakuna anayeyapinga, na ngonjera isiyo na upinzani ni risala yenye vina. Mshairi Mathias Mnyampala alipozipa ngonjera umaarufu miaka ya 1960, zikatumika kueleza siasa ya Ujamaa baada ya Azimio la Arusha la 1967, jukwaani palikuwa na asiyejua au asiyekubali anayeuliza kwa dhati na ajuaye anayemjibu, mpaka wakaafikiana. Huyo mbishi ndiye anayewafanya watu wasikilize. Sasa nenda kwenye foleni ya uji saa nne, usikilize wanafunzi wako wanabishania nini. Kwetu ni kutwa na hosteli. Wa kutwa wanaona wenzao wanadekezwa, wa hosteli wanaona wenzao wako huru.

Ukishaupata ugomvi, gawa nusu karatasi kwa kila mwanafunzi wa vidato viwili au vitatu. Aandike jambo moja tu ambalo upande wa pili haulijui kuhusu maisha yake. Hakuna jina, hakuna alama, na usisahihishe herufi hata moja. Humo ndimo utakamokuta maneno ambayo wewe mwalimu usingeyafikiria: moshi wa koroboi, kuku wa kulishwa kabla ya vitabu, ringi ya gari inayogongwa alfajiri kuwaamsha mabinti wa hosteli. Soma karatasi zote. Naisisitiza hatua hii kuliko nyingine yoyote, kwa sababu siku ya mahafali mtoto akisikia kuku wake kapanda jukwaani, ananyanyuka kitini.

Ndipo mtunge. Tarbia inatosha: mishororo minne, kila mshororo vipande viwili vya mizani nane nane. Tungeni ubaoni, darasa zima, mkipiga makofi kuhesabu silabi. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alileta “Ninatembea kila siku”. Tukapiga makofi: ni-na-te-mbe-a-ki-la-si-ku, tisa. Binti wa dawati la nyuma akasema itolewe “ni” ya mwanzo, ikabaki “Natembea kila siku”, nane kamili. Darasa likapiga makofi tena kujihakikishia. Ubeti ukakaa hivi:

Natembea kila siku, kilomita nane njia,
Nyumbani nilishe kuku, kisha somo kupitia,
Koroboi ya usiku, macho moshi waingia,
Shule hii ni ya nani, wenzangu nawauliza?

Wa hosteli akajibu:

Wewe walala kwa mama, maharage huyajua?
Mimi kengele yavuma, foleni yanisumbua,
Nikipatwa nayo homa, mwenzangu hunichukua,
Shule hii ni ya nani, wenzangu nawauliza?

Tazama mshororo wa nne. Hicho ndicho kipokeo, na kimewekwa kama swali makusudi. Kila mtamba akifika hapo ananyamaza, na shule nzima inajibu kwa sauti moja: “Yetu sote!” Katika beti za mwanzo jibu litakuwa la kubishana, kila upande ukipaza kumzidi mwenzake, na hilo ni zuri. Likifika mara ya tano au ya sita wanajibu kwa pamoja bila kuambiwa. Jibu hilo lifundishwe mstarini asubuhi wiki mbili kabla. Wafundishwe na viranja, si wewe. Likitoka kwa mwalimu linageuka amri. Usisahau wapishi, mlinzi na wazazi watakaokuwepo: mshereheshaji awafundishe dakika moja kabla ya kuanza.

Mwafaka wa mwisho ndio unaoharibiwa na wengi. Watoto wanashikana mikono, wanasema “tupendane”, basi. Mimi nataka ubeti wa mwisho uwe na ahadi inayotekelezeka. Yetu ilisema wa kutwa waje Jumamosi kujisomea kwenye bwalo la hosteli, kwenye taa za sola. Kabla ya kuiandika tulikwenda kwa mkuu wa shule kumwomba ruhusa, naye akakubali. Msitie katika shairi ahadi ambayo uongozi haujaikubali; watoto wataidai, na watakuwa na haki.

Kuhusu watamba: kidato cha nne waacheni. Wana mtihani wa utamilifu na masomo ya jioni, na siku hiyo wao ndio wanaoagwa. Chukua kidato cha tatu na cha pili, wanne kila upande. Kuwachuja, msimamishe mtoto mlangoni mwa jiko, wewe kaa chini ya mwembe upande wa pili wa uwanja, aseme ubeti mmoja. Usiposikia silabi ya mwisho ya kila kipande, si wakati wake bado. Umeme hukatika, na maiki ikiwepo huwa moja, inapita mkono kwa mkono huku ubeti ukipoa. Zoezesheni sauti tupu. Maiki ikipatikana ni nyongeza. Na tafadhali, mwanafunzi wa kutwa halisi aseme beti za kutwa. Mwenye kutembea kilomita nane hahitaji kufundishwa namna ya kulitamka neno “nane”.

Mazoezi yafanyike baada ya vipindi, nusu saa, siku tatu kwa wiki. Zungumza na mwalimu wa taaluma mapema, umwandikie ratiba. Wa kutwa waondoke kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu njia ni ndefu na giza haliwangoji. Kama mazoezi yanamchelewesha binti barabarani, punguzeni beti.

Beti kumi pamoja na maitikio huchukua dakika saba hivi. Zisizidi hapo. Vifaa viwe vichache: koroboi moja, ndoo moja, sare zao za kila siku.

Siku yenyewe mgeni rasmi huchelewa. Mwombe mshereheshaji asiwamalize watoto kwa kuwapandisha mapema kujaza muda. Kwaya ina nyimbo za kutosha kwa kazi hiyo. Ngonjera iwekwe baada ya risala ya wahitimu na kabla ya hotuba ya mgeni, watu wakiwa bado wameketi na jua halijaingia chini ya turubai. Halafu kuna kutunza. Wazazi wakianza kupanda na noti katikati ya ubeti, mizani inakatika na mtoto anasahau. Weka kapu mbele ya jukwaa na wanafunzi wawili wa kulisimamia, mshereheshaji atangaze mapema kwamba tunzo zitapokelewa shairi likiisha. Hesabuni fedha hiyo siku hiyohiyo mbele ya mwalimu wa fedha na viranja wawili.

Jumatatu mstarini waiteni kwa majina watamba, waliotunga ubaoni, waliofundisha kipokeo na waliokaa na kapu. Kisha nakilini beti zote kwenye kaunta buku la klabu, mwandike mwaka na majina ya watunzi, na mmkabidhi mwanafunzi wa kidato cha pili atakayelitunza. Jumamosi inayofuata, fungueni bwalo.