Monita Haionekani kwenye Kompyuta? Kagua Haya Kabla ya Kupiga Windows Upya

Steshenari nyingi za Mwanga na Ujiji hapa Kigoma zinafanya kazi na kompyuta za mtumba: sistimu yuniti ya Dell au HP, monita ya waya wa VGA, na adapta katikati. Kioo kikigoma, watu hukimbilia kupiga Windows upya. Mara nyingi Windows haina kosa lolote, na kazi za wateja zinafutika bure.

1. Jua tatizo liko upande gani

Washa kompyuta huku macho yako kwenye kioo. Nembo ya kampuni ikitokea, kisha kioo kikawa cheusi Windows inapoingia, shuku draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kadi ya picha. Ruka hadi hatua ya 4. Kisipotokea chochote tangu mwanzo, draiva haihusiki, maana wakati huo Windows haijaanza. Chomoa waya wa picha na uache wa umeme: monita ikiandika "No signal" au "Check cable", yenyewe inawaka vizuri.

2. Tundu na adapta

Mashine yenye kadi ya picha ya kuchomeka mara nyingi huzima matundu ya picha ya ubao mama. Chomeka waya kwenye kadi, si kwenye tundu lililo karibu na USB. Kisha bonyeza menyu ya monita uchague VGA au HDMI kulingana na waya wako. Adapta nazo nyingi huenda upande mmoja tu: ya kutoa HDMI kwenye kompyuta kwenda monita ya VGA haitafanya kazi ukiigeuza. Soma kilichoandikwa juu yake kabla ya kulipa.

3. Pini

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Kichwa cha VGA kina nafasi 15 za pini, safu tatu za tano tano. Pini ya 9 ikikosekana usihangaike, waya nyingi zimetengenezwa hivyo. Pini ya 1 hubeba rangi nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Kioo kikigeuka njano, bluu haifiki. Kikiwa zambarau, kijani haifiki. Kikiwa cha kijani-bluu, nyekundu ndiyo imekatika.

Pini za 12 na 15 hazibebi picha. Kupitia hizo monita huieleza kompyuta jina lake na ukubwa wa picha inaoumudu. Moja ikipinda, picha inakuja kama kawaida, lakini Windows inaandika "Generic Non-PnP Monitor" na mara nyingi inang'ang'ania 1024 kwa 768, maandishi makubwa yenye ukungu. Unaweza kubadilisha draiva mara kumi bila nafuu. Zima umeme, nyoosha pini taratibu kwa ncha ya penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi, au jaribu waya mwingine.

Kwa maduka ya karibu na ziwa, kama Kibirizi, angalia pia ukijani kwenye pini, ni kutu inayoletwa na unyevu. Safisha kwa brashi laini na spiriti ya isopropili, subiri ikauke kabisa.

Kama kioo ni cheusi na mashine inapiga milio, chomoa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 15, toa ramu (vibao vya kumbukumbu), sugua meno yake ya dhahabu kwa raba nyeupe na upanguse vumbi la raba. Rudisha moja moja mpaka vibano vibane.

4. Draiva

Jaribu kwanza Windows + Ctrl + Shift + B. Kioo hupepesa na draiva huanza upya. Kisha Windows + P, hakikisha hujachagua kioo cha pili peke yake.

Fungua Device Manager, nenda Display adapters. "Microsoft Basic Display Adapter" maana yake draiva halisi haipo. Bofya kulia, Properties, Details, chagua Hardware Ids. VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD. Herufi na tarakimu nne baada ya DEV_ ndizo modeli yenyewe. Pakua kwenye tovuti ya kampuni husika. Angalia bando kwanza, faili la NVIDIA linaweza kuzidi MB 500.

Tatizo likianza baada ya sasisho, tumia Roll Back Driver. Kioo kikiwa cheusi baada ya nembo, zima kwa nguvu Windows inapoanza, rudia mara tatu. Ukurasa wa matengenezo utafunguka. Pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4 kuingia Safe Mode. Ukiwa ndani, ondoa draiva na uweke alama ya kufuta faili zake. Kata intaneti kabla ya kuweka mpya, la sivyo Windows itawahi kuweka ya kwake. Tumia UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika katikati, draiva itabaki nusu.

Kosa la Code 43 likibaki hata baada ya draiva safi, shuku kadi yenyewe. Ijaribu kwenye mashine nyingine.

Monita ikiandika "Out of range", hilo ni jambo jingine: kompyuta inatuma picha isiyomudiwa na monita. Ingia kwa njia ile ile, ila bonyeza 3, kisha weka hezi 60 na ukubwa halisi wa kioo.

Picha ikirudi, kaza skrubu mbili za VGA kwa vidole. Waya ukilegea kwa kuvutwa na kiti, pini za 12 na 15 zinaweza kuachia tena.