Jinsi ya Kulinda Omo la Ubao wa Tanga Usivunjike Unapoanguka

Bwawa la Nairobi, lililo kando ya Kibera, ambako zamani watu walikuwa wakiendesha vyombo vya tanga, lilizibwa na magugu maji, na sasa mkaazi wa jiji hili anayependa ubao wa tanga, ule ubao wa majini wenye mlingoti na tanga ambao mtu husimama juu yake akisukumwa na upepo, hufunga ubao wake juu ya gari na kushuka Pwani, safari ya karibu kilomita 500, ili apate siku nne au tano za pepo za kusi au kaskazi. Omo, yaani ncha ya mbele ya ubao, likipasuka asubuhi ya kwanza, likizo yake imekwisha. Kazi kubwa ya kuulinda ubao, kwa hiyo, hufanyika Nairobi kabla ya safari, wakati mtu ana nafasi, gundi na vifaa vyake karibu.

Ni vyema kuelewa kwanza kinachouvunja. Kiini cha ubao wa kisasa ni sponji nyeupe nyepesi, ndugu ya ile inayozuia televisheni mpya isigongwe ndani ya katoni, na juu yake kuna ganda jembamba la faiba au kaboni lililoshikizwa kwa gundi ngumu iitwayo epoksi. Ganda hilo hustahimili uzito wa mtu mzima unaosambaa chini ya nyayo zake, lakini halistahimili pigo linalotua mahali padogo. Upepo unapovuma kwa ghafla, au pezi la chini linaponasa kwenye mwani, ubao hupunguza mwendo huku tanga likiendelea kuvuta, na mchezaji aliyejishikiza kwenye tanga kwa ndoano ya mshipi wake wa kiunoni hurushwa mbele kama jiwe la manati. Mlingoti nao hulala kwa nguvu kuelekea mbele, ukizunguka kwenye kitako chake, na kulipiga omo ukiwa umebeba uzito wote wa mwili wa mchezaji. Mara nyingine kinachopiga si mlingoti wenyewe bali kichwa cha bumu, yaani ule mti uliopinda pande mbili ambao mchezaji hushikilia, na hilo ndilo pigo baya zaidi kwa kuwa kichwa hicho ni kigumu na kidogo.

Watu wengi hubandika kinga ya sponji juu ya omo kwa kukisia, kisha wanashangaa ufa umetokea sentimita 10 pembeni yake. Njia ya uhakika ni kufanya jaribio nyasini. Tandaza blanketi, weka ubao juu yake bila pezi, funga mlingoti, tanga na bumu kama utakavyovitumia majini, kisha umwombe mwenzako akanyage nyuma ya ubao huku wewe ukiulaza mlingoti mbele polepole mpaka uguse omo. Weka alama ya chaki pale ulipogusa. Rudia ukiulaza kidogo kulia, kisha kidogo kushoto, kwa sababu ni nadra mtu kurushwa moja kwa moja mbele. Kwa kawaida mlingoti huangukia upande ule ambao upepo unaelekea, na ukingo wa omo huumia kuliko katikati yake. Ukiwa na matanga mawili, fanya hivyo kwa yote mawili, kwani bumu la tanga kubwa huenda likakaa mahali tofauti.

Alama za chaki zitakuambia mambo mawili. Kama kichwa cha bumu kinatua juu ya ubao, jaribu kukipandisha au kukishusha sentimita chache, au usogeze kitako cha mlingoti mbele au nyuma ndani ya mfereji wake ulio juu ya ubao, uone kama kitapita nje ya omo na kuuacha mlingoti, ambao ni wa mviringo na una urefu wa kusambaza pigo, ulalie ubao wenyewe. Usibadilishe sana kiasi cha kuharibu uendeshaji. Mabadiliko madogo mara nyingi yanatosha. Jambo la pili ni kwamba sasa unajua eneo la kufunika, na kwa kawaida ni kubwa kuliko ulivyodhani.

Kinga za omo za kununua zipo, lakini si rahisi kuzipata jijini, na mimi sioni haja ya kuziagiza kutoka ng'ambo. Nyenzo inayotakiwa ni ile sponji ngumu ya malapa na soli za viatu, yenye unene wa milimita 8 hadi 10, na mafundi wa viatu wa soko la Kariokor wanaifahamu vizuri kuliko muuzaji yeyote wa vifaa vya michezo. Sponji laini ya godoro haifai hata ikiwa nene, kwa kuwa hubonyea yote kabla ya pigo kupungua, tena hunywa maji. Kata kipande kinachovuka alama zako kwa sentimita 5 kila upande na kushuka kidogo chini ya ukingo, viringisha pembe zake ili maji yasipate mahali pa kuanzia kukibandua, na uchonge kingo zake mshazari. Sugua ganda kwa msasa laini mpaka mng'ao upotee, lifute kwa spiriti, paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri ikauke kiasi cha kutonata kidoleni, ndipo ubandike kuanzia katikati kwenda nje. Kama ganda tayari lina ufa, lizibe kwanza, maana viyeyusho vilivyomo katika gundi hiyo huila sponji nyeupe ya ndani.

Kinga ya pili huwekwa kwenye kitako cha mlingoti, nayo ni mto mnene unaokizunguka. Mlingoti unapolala, huubana mto huo kabla ya kulifikia omo, na sehemu ya nguvu huishia hapo. Kichwa cha bumu nacho kivishwe kipande cha sponji ileile na kufungwa kwa kamba, kwa kuwa ni rahisi zaidi kukifunika chenyewe kuliko kufunika kila mahali kinapoweza kutua.

Hata hivyo, sponji hupunguza pigo tu, haiondoi kosa lililolisababisha. Ukihisi upepo unakuzidi, kunja magoti, shusha makalio chini na nyuma, na ulegeze mkono wa nyuma ili tanga lifunguke na kumwaga upepo. Hilo lifanywe mapema, kwa sababu visigino vikishainuka umechelewa. Aliyekwisha kurushwa na ashikilie bumu kwa mikono miwili, hata kama omo litaumia, kwa kuwa mikono iliyonyooka humweka mbali na mlingoti, na mbavu hazizibwi kwa epoksi. Kule Diani na Galu, fuo za kusini mwa Mombasa, angalia pia maji. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na sehemu uliyopita salama saa nne asubuhi huenda ikawa na mwamba chini ya pezi lako alasiri. Tumia pezi fupi maji yanapopwa, na penye mwani mwingi tumia lile lililolala nyuma, ambalo huutelezesha mwani badala ya kuukamata.

Kuna hatari moja inayomhusu mtu wa Nairobi kuliko mtu wa Mombasa. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu ya ile ya ufuoni kwa karibu moja ya tano. Mbao nyingi zina skrubu ndogo ya kupumulia. Ubao uliofungwa skrubu Diani na kupandishwa Nairobi hubaki na hewa ya ndani inayosukuma ganda kutoka kwenye kiini, na husukuma kwa urahisi zaidi pale palipodhoofishwa na pigo la juzi. Ukishushwa ukiwa umefungwa, hewa ya ndani huwa hafifu, na ufa mdogo kabisa hufyonza maji. Fungua skrubu kabla ya kuondoka, ifunge ufuoni kabla ya kuingia majini, ifungue tena ukimaliza. Mimi niliwahi kuisahau wazi, nikatoka majini na ubao mzito kama gunia la viazi. Tangu hapo hufunga utepe mwekundu kwenye ndoano ya mshipi wangu kila ninapoifungua. Baadhi ya mbao mpya zina skrubu inayopitisha hewa lakini si maji, kwa hiyo soma maandishi ya ubao wako.

Baada ya kila anguko kubwa, toka majini na kukagua. Bonyeza eneo la omo kwa kidole gumba, kisha uligonge kwa sarafu: mlio mkavu ni mzuri, mlio mzito uliofifia unaonyesha ganda limeachana na kiini. Ufa ukiwa mdogo, kausha na kubandika utepe usiopitisha maji, lakini hiyo ni dawa ya siku moja. Ukirudi nyumbani, uweke ubao kivulini ufa ukitazama chini, uupime kwenye mizani kila siku, na usianze kuziba mpaka uzito uache kupungua.

Katika kuziba, kosa linaloua mbao nyingi ni la nia njema. Fundi wa jua kali anayetengeneza bodi za matatu atakuambia kwamba faiba ni faiba, naye atakuja na kopo lake la resini ya poliesta yenye harufu kali. Mkatalie kwa adabu, kwa sababu resini hiyo huyeyusha sponji ya ndani na kuacha shimo chini ya kiraka kinachoonekana kizuri. Dai epoksi, weka tabaka mbili za kitambaa cha faiba, la pili likiwa pana kuliko la kwanza, na kama ni Julai, usiku wa Nairobi ukiwa wa baridi, fanya kazi hiyo ndani ya nyumba na uiache siku kadhaa kabla ya kusugua kwa msasa na kubandika sponji mpya juu yake.