Namna ya Kumsaidia Mwenye Baipola na Tatizo la Haiba Anaposahau na Kushindwa Kupanga Mambo

Ndugu wengi hudhani kwamba mgonjwa wa baipola (ugonjwa wa akili unaompeleka mtu kwenye mania, yaani msisimko uliopita kiasi, na kwenye sonona) akishatulia, kumbukumbu nayo imerudi kama zamani, hivyo anaposahau dawa au miadi ya kliniki huitwa mzembe. Lawama hiyo inaumiza na haina haki. Hata katika kipindi cha utulivu, baadhi ya wagonjwa hubaki na upungufu wa umakini, wa kasi ya kufikiri, wa kukumbuka walichoambiwa na wa kupanga shughuli. Mgonjwa akiwa pia na tatizo la haiba, yaani namna ya kuhisi na kuhusiana na watu iliyojikita na inayomletea shida, hasa lile linaloambatana na hofu kubwa ya kuachwa na kutenda kabla ya kufikiri, ugomvi mdogo tu unaweza kumvuruga asiweze kutafakari.

Anzeni na daftari. Kila jioni andikeni pamoja saa alizolala, hali ya hisia zake, dawa alizomeza na jambo lililomshinda. Mabadiliko ya baipola kwa kawaida hudumu siku nyingi au wiki, na mania yenyewe hutambuliwa ikidumu angalau siku 7, ilhali hisia zinazotokana na haiba zinaweza kupanda na kushuka ndani ya saa chache, mara nyingi baada ya neno alilosikia kwa mtu wa karibu. Daktari akiona maandishi hayo, atatofautisha kwa urahisi zaidi. Vipimo vya kumbukumbu navyo vifanywe akiwa ametulia, kwa sababu mania na sonona huyashusha majibu.

Kisha angalieni dawa, bila kumwachisha hata moja kwa uamuzi wenu. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza baipola, apimwe kiwango chake katika damu, na damu hiyo itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Kiwango hupanda mtu anapoharisha au kutapika sana, au anapomeza ibuprofeni au diklofenaki, dawa za maumivu ambazo watu hujinunulia tu dukani. Akianza kutetemeka sana, kuyumba na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Lithiamu inaweza pia kudhoofisha tezi ya shingo, na mtu akawa mzito wa kufikiri, kwa hiyo tezi nayo ipimwe. Benzeksoli, inayotolewa kupunguza kukakamaa kunakoletwa na dawa nyingine, inaweza kuathiri kumbukumbu, na diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, vilevile. Bebeni pakiti zote mnapokwenda kliniki.

Nyumbani, mpeni agizo moja kwa wakati mmoja. Ukimwambia anunue mkate, apitie kwa fundi cherehani, kisha alipe umeme, huenda akarudi na mkate peke yake; mwandikie yote matatu kwenye karatasi, naye akate kila alilomaliza. Dawa zikae kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku za wiki. Uamuzi wa pesa nyingi au wa kuvunja uhusiano usubiri hadi kesho yake, baada ya kulala.

Mazoezi ya namna hii yana msingi: watafiti wa Barcelona walichapisha mwaka 2013 matokeo ya mafunzo ya vikao 21 vya kila wiki kwa wagonjwa wa baipola, na utendaji wao wa kila siku uliboreka. Kwa upande wa haiba, tiba ya mazungumzo inayofundisha kustahimili hisia kali ndiyo ya kuulizia kwanza. Akizungumzia kujiua, msimwache peke yake, wala msingoje tarehe ya kliniki.